Kufuli la Mashine ya Kiwayu

Husni, mtoto wa kaka yangu,

Salamu sina nyingi. Mamako mzima, mbuzi wenu wamezaa.

Siku mlipozindua mashine ya kupimia mimba hapa zahanati, tuliwapikia wafadhili wenu biriani ya kamba, wakala, wakapiga picha. Mwaka haukwisha, pesa zikahamia kwenye uvumbuzi mwingine, nawe ukaitia mashine kufuli. Eti mradi umekwisha! Mimba za Kiwayu nazo zimekwisha?

Dadako Hadia aliposhikwa na uchungu nililivunja kufuli lako. Nikaona mtoto amekingama tumboni, tukamkimbiza Lamu kwa boti, akazalishwa kwa upasuaji.

Leo nasikia wataka kunishtaki kwa kuharibu mali ya mradi. Njoo na polisi wako. Lakini pitia kwanza kwa dadako: shahidi wangu ananyonya.

Shangazi yako,
Nesi Nasreen