Kiti cha Mzee wa Mchele

Mjukuu wangu Tumaini,

Miaka ile ya hamsini, Mbeya nzima haikuwa na gari la kunishinda mimi babu yako mdogo. Hapa Ilomba tu wazima, na bibi anakusalimu. Unauliza kiti cha gari kinachosogezwa kwa umeme kikigoma uanzie wapi.

Mzee mmoja mnene, muuza mchele, alikuja gereji kuchukua gari lake la Kimarekani tulilokuwa tumelisafisha. Kiti kimegandia mbele, tumbo halipiti kwenye usukani, na siku hiyohiyo anamwoza binti yake Iringa!

Msimamizi akanigeukia. "Wewe mwenye maneno mengi, kisiposogea, kazi huna."

Wenzangu wakataka kung'oa mota inayosogeza kiti. "Tulieni, jamani!" nikawaambia. Nikawasha taa za gari, nikabonyeza swichi ya kiti. Taa hazikufifia hata kidogo. Basi mota haivuti umeme. Taa ya kupimia ikaonyesha umeme unafika kwenye mota, ila hauna pa kurudia. Nikafungua waya wa kurudishia umeme, uliofungwa kwenye bodi, nikakwangua pale, nikakaza. Kiti hicho, nyuma!

"Fundi, Mungu akuzidishie," mzee akasema, akaondoka na vumbi lake.

Kwa hiyo uulize umeme kwanza, spana ifuate.

Ila nilichokwangua ni rangi, mjukuu wangu, na rangi haipitishi umeme. Niliipaka mwenyewe jana yake, ili chini ya kiti pang'ae, nikafunga waya juu yake.