Mgongo wa Mama Pacha

Shoga, mbona hupokei simu? Basi soma. Niko kwenye ngazi za jengo letu.

Nimetoka na mtoto kwa daktari wa afya ya akili. Si unajua anavyotafuna kucha mpaka damu, na halii hata akiumia? Daktari kampa mwanasesere acheze. Mwanangu kamlaza, kamfunika uso, kamwambia, "Nyamaza, mama ana kazi."

Kamfunika USO, shoga!

Daktari akamuuliza, "Mama akiwa na kazi, nani anakubembeleza?"

"Mama Pacha, jirani. Lakini mama alimfukuza."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikajitetea: Mama Pacha alikuwa anamzoesha kubebwa mgongoni, mtoto wa miaka mitano! Unakumbuka nilivyomfokea kwamba mwanangu si wa mtaa mzima.

Daktari hakunigombeza. Bora angenigombeza! Kasema tu, "Zamani mtoto alikuwa na migongo mingi ya kulilia. Huyu wako anao upi?"

Upi, shoga?

Sasa niko mlangoni kwa Mama Pacha. Naanzia wapi, kwa maneno yale yaliyonitoka?

Ngoja. Mtoto kagonga!

Mama Pacha kafungua. Hata salamu hajanipa. Kamwona mtoto, kageuka, kainama, kambeba mgongoni, kaingia naye ndani.

Analia, shoga. Mwanangu analia kwa sauti, na mimi nimesimama nje nimeshika viatu vyake.