Somo Yangu, Kwa Nini Ulinificha Kilo Zako?

Somo yangu Khadija,

Nani mwingine nitamwita somo? Jina letu moja, mtaa wetu mmoja, na ugonjwa wetu wa sukari mmoja. Huu ni mwezi wa nne tangu uanguke jikoni kwako na presha ikakuchukua kabla ya adhuhuri. Mungu akurehemu. Nakuombea kila nikisali. Lakini leo nakuandikia kwa sababu nilikushuku, na nataka ulisikie hilo kutoka kwangu mwenyewe.

Wajua tulivyoanza. Daktari alituambia siku moja, mimi na wewe, tupunguze uzito au tujiandae kwa sindano. Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, ukanigongea mlango hapa Mkomani: "Toka, somo, ndia yatungoja." Tukafuata ukingo wa bahari kuelekea Shela, wewe mbele, mimi nyuma nahema, buibui limeninata mgongoni. Nikaacha mahamri. Nikaacha wali wa nazi, mimi! Kilo kumi na moja zikatoka kama kwamba zilikuwa zimekaa tu zikingoja kuambiwa.

Kisha zikasimama. Tisini na moja. Wiki ya kwanza tisini na moja, ya pili, ya sita. Kila Jumatano tulikuwa tukiingia kliniki mmoja mmoja, na ukitoka nakuuliza, nawe wanijibu, "Nami nimekwama papo hapo, somo. Tuvumilie." Nikafarijika. Niliona tuko wawili ndani ya tope lile.

Ulipokufa nikabaki topeni peke yangu, na shaka ikaniingia.

Nilianza na mizani. Nilijiambia ule mshale umeshika kutu, huenda wampa kila mtu tisini na moja. Basi Jumatano moja nikaficha paketi ya unga ya kilo mbili ndani ya buibui nikapanda nayo. Mshale ukaenda tisini na tatu barabara. Muuguzi akaniangalia. Nikamwambia nimekula harusini.

Nikahamia kwa Nuru, mke wa mwanangu. Wamjua, mtoto mpole, kosa lake ni kupika vizuri. Nikawa naonja kila chungu kabla hajapakua. Siku moja nikatia kidole kwenye mbaazi, nikamwambia, "Hii ina tui." Akasema, "Mama, haina." Nikasema, "Ina." Akaweka mwiko chini, akavua kanga ya jikoni, akanivisha mimi. "Basi kesho mama pika, nami nitakaa pale nikuangalie." Hakunisemesha siku mbili. Na nilipopika mwenyewe, kwa maji matupu na chumvi, nilibaki tisini na moja.

Nikaanza kujishuku mimi. Hilo ndilo baya zaidi. Nilikuwa nikiamka naitazama mikono yangu kama mikono ya mwizi, nikijiuliza imekula nini ambacho sikumbuki. Asubuhi tatu mfululizo sikutoka kutembea. Nilikaa barazani nikajiambia, kwani Khadija mwenzangu alitembea, kukamsaidia nini?

Ndipo likatokea la kadi. Pale kliniki amekuja muuguzi mpya kutoka bara, asiyetujua. Akaita "Khadija," nikaenda. Akafungua kadi, akatabasamu: "Mama, hongera sana. Umeshuka vizuri, kila wiki, bila kusimama." Nikamnyang'anya kadi nijionee. Themanini na nane. Themanini na sita. Themanini na tatu. Jina la baba juu ya kadi halikuwa la babangu. Lilikuwa la babako.

Nilikaa kwenye benchi mpaka wakaniuliza kama naumwa.

Nisikufiche nilichofikiria. Nilifikiria ulikuwa ukinicheka. Kisha nikafikiria jambo lililonitisha: ya kwamba ulikuwa ukinywa zile chai za kukausha tumbo wanazouziana watu kwenye simu, ukanificha, na ndizo zilizokuua. Nikakumbuka bintiyo Swafiya hajanipigia hata mara moja tangu hitima. Nikasema, yule ajua. Amejificha kwao Siyu kwa sababu ajua.

Nikapanda boti kwenda Pate bila kumwambia mtu ila Nuru. Boti ikatushusha mbali kwa kuwa maji yalikuwa yamekupwa, nikashika njia ya miguu mpaka Siyu, hasira ikinisukuma. Mwaka jana, Swafiya alipojifungua, njia hiyohiyo nilipandishwa punda nikiomba dua. Safari hii nilifika mlangoni kwake ndipo nikagundua sikusimama popote kupumzika.

Swafiya alinipokea kwa kilio. Nami sikumpa nafasi. Nikamuuliza, "Mamako alikuwa akinywa nini?"

"Nini, khale?" Hadi leo aniita khale, kama kwamba mimi ni nduguyo wa damu.

"Cha kukondesha. Usinifiche."

Akafuta machozi, akaniangalia kama asiyenijua. Kisha akaenda ndani akaburuta sanduku lako, akalifungua mbele yangu. "Tafuta, khale. Tafuta mpaka uridhike."

Nilitafuta, somo. Unisamehe. Nilipekua nguo za maiti mbele ya mtoto wake. Nilikuta vidonge vyako vya presha, vilevile vinavyopewa kila mtu, na tasbihi. Nikakuta madira yako. Yote yamebanwa ubavuni kwa sindano ya mkono, mshono baada ya mshono, kila mmoja ndani zaidi ya mwenzake. Yote ila lile la kijani, pana kama tanga, ulilokuwa ukilivaa ukija kwangu.

"Alikuwa akitembea mara ya pili," Swafiya akasema. "Kila alasiri, njia ya nyuma, ili usimwone. Akinipigia simu huku akitembea, nasikia pumzi zake. Nikamwambia, mama, mwambie khale mwende pamoja. Akasema, 'Somo akijua nimeshuka nimemwacha, atakaa kitako asiinuke tena.'"

"Na wewe mbona hukunipigia?"

"Niliogopa utaniuliza. Mimi kudanganya siwezi kama yeye."

Nilimshika mkono, tukakaa hivyo mpaka mtoto wake akaamka.

Nimerudi nyumbani Amu. Nimemwomba Nuru radhi. Alicheka, akaniambia bado hataki kidole changu kwenye chungu. Sasa natembea mara mbili, alfajiri na alasiri, na njia yako ya nyuma nimeijua. Jumatano iliyopita nimepanda mizani: tisini na moja. Wiki ya ishirini na mbili. Daktari asema sukari imeshuka sana, kuliko wakati wowote tangu anijue. Nikamwambia anitoboe kidole kingine, pengine mashine imekosea. Akanitoboa. Ni ileile.

Basi nikutake buriani, somo. Uongo nimekusamehe kutoka moyoni, maana najua ulikubana zaidi yangu, kushuka hivyo na usipate hata mtu wa kukushangilia. Lakini kunidhania mimi kwamba nitakaa kitako, hilo sijakusamehe. Kila alfajiri likinijia naudhika, naudhika mpaka navaa viatu. Lala salama. Nakuahidi nitaendelea kuudhika, na nitaendelea kutembea, mshale ushuke ama ubaki.

Wako,
Khadija wa Mkomani