Dang'a Haivuki Ua

Kericho, upande wa Kabianga
Jumatatu asubuhi

Kwa dada yangu mkubwa Peresi,

Kwa heshima na unyenyekevu nakuamkia, dada uliyenibeba mgongoni kabla sijajua kutembea. Naomba unijulishe hali ya goti lako, na kama macho bado yanakuruhusu kupalilia kunde bila kuzikanyaga. Mimi, kwa rehema za Mungu, ni mzima, ila kikohozi cha baridi ya huku, ambacho sasa tumezoeana nacho.

Kabla sijaendelea, naomba radhi. Barua yako ilinifikia kabla ya mavuno ya mahindi, nami sikuijibu. Ningeweza kukupigia simu, lakini najua masikio yako hayaipendi, na neno nililokuwa nalo halikufaa kusemwa kwa kupiga kelele. Ukweli ni kwamba niliona haya. Uliniuliza jambo moja tu: kama nitakaporudi nyumbani nitakuja na kondoo wa marehemu Dorka, ili uzao wa yule jike uliyempa siku ya harusi yetu urudi ulikotoka. Dada, kondoo huyo amekufa, na sababu ya kifo chake ni mimi.

Nitakueleza bila kujitetea. Alikuwa na mimba pevu. Alasiri moja mvua ya mawe ilipiga chai mpaka vijia vikawa vyeupe, na baridi ikaingia bandani. Nikachukua gunia tupu la mbolea, nikalikung'uta, nikamtandikia alale pakavu. Nilidhani nimelikung'uta vya kutosha. Kumbe punje zilibaki kwenye mishono, na kondoo hupenda kulamba chochote chenye chumvichumvi. Asubuhi nilimkuta amezaa mapacha, dume na jike, naye mwenyewe amevimba tumbo na kutoa povu. Daktari wa mifugo alipofika kutoka sokoni, kondoo alikuwa amekwisha kukata roho. Daktari aliliangalia gunia, akaniangalia mimi, akasema kwa upole, "Pole, mzee. Si wewe wa kwanza." Hata hivyo upole wake haukunipunguzia kitu.

Wale wana hawakuwa wamenyonya hata tone. Nikakumbuka bomba la sindano ambalo muuguzi alitupatia wakati Dorka hakuweza tena kumeza, nami nikawa namnywesha uji kwa hilo, kidogo kidogo. Nilikuwa nimelihifadhi pamoja na miwani yake. Nikalichemsha, nikapasha maziwa ya pakiti, nikaketi kizingitini, nikampakata yule dume chali mkononi, kichwa kimeinuka, kama nilivyokuwa nikimshika mke wangu. Nikasukuma. Akakohoa. Nikasukuma tena, akakohoa zaidi, na maziwa yakamtokea puani.

Hapo nikasikia sauti juu ya ua. Ni jirani yangu, mama Chelangat, ambaye watu wake humwita Bot Chelangat.

"Mzee! Huyo si mtoto ya kubatizwa! Mgeuze, asimame kwa miguu yake. Maziwa inaenda kwa mapafu!"

Akaruka ua na gambuti zake za mpira, akaninyang'anya mwana-kondoo, akamsimamisha katikati ya magoti yangu, kidevu kikiwa sawa na mgongo. Akanionyesha jinsi ya kupitisha ncha ya bomba pembeni mwa mdomo, kusukuma kidogo, kungoja ameze, kisha kusukuma tena. Yule jike alijifunza upesi. Yule dume, dada, hakuiona jioni. Naye pia namhesabu juu yangu.

Bot Chelangat akaonja yale maziwa ya pakiti kwa kidole, akatema. "Hii ni ya chai, mzee. Huyu anataka ile ya kwanza, ile nzito. Bila hiyo, kesho utachimba shimo ingine."

Alikuwa na maana ya dang'a, yale maziwa ya manjano ya ng'ombe aliyezaa karibuni. Na ng'ombe wake alikuwa amezaa jana yake! Nikamwomba kikombe kimoja. Nikaona uso wake unabadilika.

"Ningekupa, mzee. Lakini hii yetu haitoki kwa boma. Ni mambo ya mama mkwe. Ikitoka, anasema ng'ombe itakauka."

Sikumlaumu. Kila nyumba ina miiko yake, na hata mama yetu hakukubali chumvi itoke nje baada ya jua kutua. Nilimshukuru, nikamfunika mwana-kondoo kwa kitenge cha Dorka, nikaketi naye. Alikuwa ameacha kulia, jambo lililonitisha kuliko kilio.

Haikupita nusu saa Bot Chelangat akarudi, safari hii kwa njia ya lango, akicheka. Alikuwa amempelekea mama mkwe wake shauri langu. Ajuza huyo, ambaye wote humwita Kogo, yaani bibi, haondoki tena karibu na jiko lake. Alikuwa amesikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Maziwa haitoki, ni kweli. Lakini ni nani amesema huyo mzee hawezi kuingia?"

Dada, nimeishi kando ya ua ule tangu nilipokuwa karani wa mizani kwenye kituo cha majani. Nimepima chai ya watu hawa, nimezika nao, wamenizikia mke. Lakini mazungumzo yetu yote yalikuwa juu ya mizani au juu ya ua, na jikoni kwao sikuwa nimeingia hata mara moja. Siku ile niliingia nikiwa nimeinama, mwana-kondoo kifuani, bomba mfukoni mwa koti. Kogo akanionyesha kigoda. Dang'a ikatiwa kwenye bakuli. Yule mdogo akameza mara ya kwanza, akameza tena, kisha mkia wake ukaanza kutikisika. Kogo akapiga makofi. Mimi nikasema lile neno lao la shukrani ninalolijua, "Kongoi." Akanijibu kwa maneno mengi, na Bot Chelangat akayafupisha: "Anasema ulikuwa unangoja nini miaka yote?"

Nilikwenda kila baada ya saa chache, siku nne, mpaka wakanizoea na kunituma nichochee moto. Sasa mwana-kondoo anatafuna nyasi na kunifuata mpaka kanisani. Nitakuja naye baada ya Krismasi, ukinikubalia baada ya haya niliyokiri. Kogo ametoa sharti: aliyekunywa maziwa ya nyumba yake ni mtoto wa nyumba hiyo, kwa hiyo akizaa sharti arudi kuwasalimu. Nimeahidi kwa niaba yako. Unisamehe na kwa hilo.

Nifikishie salamu kwa mjane wa kaka yetu, kwa mpwa wetu fundi wa baiskeli, na kwa mwinjilisti anayekusomea barua hizi, ambaye namwomba asiyaruke makosa yangu.

Barua hii ataileta Chelangat mwenyewe, binti wa jirani yangu, anayekuja kuanza kazi ya ualimu katika shule iliyo nyuma ya kanisa letu. Hana anayemjua huko. Tafadhali, dada, usimpe chai mlangoni. Mwingize jikoni.

Ni mimi mdogo wako mwenye shukrani,
Zakayo