Fomu ya kupima uchovu wetu

Ummy, siamini. Leo ametumwa mtafiti wodini kupima kama sisi tunaohudumia watoto wenye saratani tumechoka.

Amenipa fomu nikiwa natandua kitanda cha Nyangeta, yule mtoto aliyeletwa kutoka kijiji cha Machochwe. Amefariki alfajiri.

Matroni akapita ananong'ona: "Wekeni tiki kwenye 'sijachoka'. Msituaibishe."

Msituaibishe! Ummy, msituaibishe!

Mtafiti naye anatafuna karanga: "Dada, huzuni yako ni ngapi, sifuri mpaka sita?"

Nikamuuliza, "Sita ni watoto wangapi?" Akacheka, eti hilo halimo kwenye fomu.

Basi nimeandika majina ya watoto waliotufia juu ya visanduku. Kumi na moja, wa mwisho Nyangeta. Matroni anasema nitaitwa ofisini. Waniite.

Nakutumia picha ya fomu yangu. Itunze, hiyo yao wataichana.