Fahali Niliyemrudisha Getini

Mama,

Fahali wa Mzee Odoyo bado yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu azungushe maneno, na kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi.

Siku tulipokuzika ulikuwa umelala sebuleni, kwa hiyo hukuona yaliyotokea getini. Ngoja nikueleze mimi, kabla hujayasikia huko kwa Dorina, maana naye ameshakufuata.

Unakumbuka kazi yangu hapa Migori, ofisi ya mipango ya kaunti. Nilikuwa nikizunguka kwenye mabaraza nikiwaambia watu kwamba matanga yanatufukarisha: ng'ombe wa maziwa anachinjwa, watoto wanakosa karo, halafu wageni wanafuta midomo na kwenda zao. Ulinisikia redioni ukasema tu, "Haya, mwalimu." Nilidhani unanisifu. Yawa, Mama, kumbe ulikuwa unanionea huruma!

Basi ulipofariki nikasema sasa kwetu Lambwe nzima itaona mfano. Chai na mkate, maombi, kaburi, watu warudi shambani. Mimi ndiye kifungua mimba wako, na ndiye niliyesoma, nani angenibishia? Asubuhi ile Mzee Odoyo akatokea upande wa pili wa bonde akimvuta fahali kwa kamba, amevaa koti lake la kanisani, jasho linamtiririka. Nyuma yake akina mama na unga, kuni, mboga. Nikasimama getini kama askari wa benki. Nikamwambia, "Asante Mzee, lakini tumeshapanga kila kitu."

Akanitazama sana. Akasema, "Ouma, huyu si wako kukataa."

Nikacheka, Mama. Mbele ya mzee wa watu, nikacheka na kumwambia siku hizi mambo yamebadilika. Akamgeuza fahali wake polepole wakaenda, na akina mama nao wakajitwisha unga wao wakamfuata. Baadaye nilikisimulia kisa hicho kwenye semina Homa Bay, nikakupigia mfano wewe, mama yangu mzazi, wakanipigia makofi. Naona aibu hata kukuandikia.

Nilijua vizuri kabisa yule fahali alitoka wapi. Mkewe Odoyo alipofariki, wewe ulimfungua dume wetu wa kulimia ukampeleka kwao. Msimu ule tulilima kwa jembe la mkono, mimi nikiwa nimefunga shule, malengelenge mikononi, nikikununia kutwa nzima. Ulisema, "Atarudi." Nilidhani umechanganyikiwa, maana mimi nilimwona yule dume akichinjwa kwa macho yangu.

Mvua ziliponyesha baada ya kukuzika, hakuna aliyekuja kuazima plau yetu. Wewe ulipokuwepo tulikuwa tukigombania zamu yake na majirani. Huyu analeta dume, yule analeta mtu wa kushika, mashamba yote yanalimwa. Sasa kuku wanailalia pale barazani. Nikajiambia watu wamenunua plau zao. Kisha Dorina akafariki, rafiki yako wa chanda na pete, nami nikapashwa habari na mtu wa bodaboda stendi ya Migori, tayari ameshazikwa. Nilipakia gunia la unga nikaenda. Binti yake alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanipa chai. Kisha akasema kwa upole, "Kaka, hatukutaka kukusumbua. Tulijua mambo ya matanga huyapendi."

Hakuwa na kinyongo, Mama. Afadhali angenitukana. Niliondoka na gunia langu kwenye gari vilevile nilivyokuja nalo.

Sitakudanganya kwamba niliyoyasema yote yalikuwa upuuzi. Nimeona mjane akiachwa na sufuria tupu, na nikiulizwa kesho nitayasema tena. Lakini nilikuwa nikitazama kinachotoka nyumbani tu, sikuwahi kuuliza kinaelekea wapi. Nawe ulinionyesha tangu nikiwa shule! Dume wetu alikuwa amekaa kwa Odoyo miaka yote hiyo, akingoja siku yako.

Na hapa ndipo penye uchungu. Binti wa Dorina ndiye aliyeniambia. Upepo uling'oa mabati ya nyumba ya Mzee Odoyo, wanunuzi wa Isebania wakamjia na bei nzuri, akakataa. Anawaambia, "Huyu ni wa Min Ouma," yaani wako wewe, mama yake Ouma. Hamfungi plau, hamuuzi. Mzee analala chini ya turubai, fahali amefungwa nje, ananenepa. Mimi niliyepita kila baraza nikipiga kelele kwamba matanga yanafukarisha watu, ndiye niliyemfukarisha huyu, kwa kumnyima nafasi ya kukurudishia dume wako.

Jumapili nitaenda kwake. Gari nitaliacha barabarani, nitembee. Sijui nitaanzaje, mimi nimezoea kuwaambia watu, sijazoea kuwaomba. Nitamwambia tunafanya ukumbusho wako na kwamba hauwezekani bila yeye. Nitawapitia akina mama wale mmoja mmoja, na kwa Dorina pia, niombe unga walioondoka nao. Huenda akanifukuza. Ana haki. Akinifukuza nitarudi Jumapili nyingine, na nyingine, mpaka achoke na uso wangu.

Na mabati yake nitayapandisha mwenyewe, usinicheke, ngazi naijua.

Lala salama, Mama. Nisamehe kwa ile chai na mkate. Siku ya ukumbusho wako nitasimama palepale getini, na Mzee akitokea na kamba yake nitamfungulia, nimwambie mbele ya wote kwamba alisema kweli: hakuwa wangu kukataa.

Mwanao,
Ouma