Matuta ya Baba Niliyoyageuza

Jumamosi, nyumbani Uporoto. Ukungu umegoma kuondoka tangu asubuhi, na mimi sina raha hata kidogo.

Viazi vya baba vimeoza. Si vyote, lakini shamba la juu, lile la mbegu ya msimu ujao, limekwisha. Ukichimba, jembe linatoka na uji unaonuka.

Aliyeviozesha ni mimi.

Nafundisha jiografia Iringa, shule iliyo kwenye mteremko mkavu upande wa Tosamaganga. Kule matuta tunayalaza yakate mteremko, yakinge maji, maana mvua yenyewe ya kubahatisha. Nilipokuja likizo ya Desemba nikamkuta baba anashusha matuta yake wima, kutoka juu hadi bondeni, kama walivyolima babu zake. Nikamcheka, jamani. Nikamchorea mchoro kwenye kiroba cha mbolea. Mzee wa watu akanisikiliza, akayageuza yote.

Leo nilisimama juu ya shamba, ukungu ukafunguka kidogo. Kusini Mlima Rungwe umejifunika mawingu, na upepo wa Ziwa Nyasa unapanda na maji yake. Kaskazini, chini kabisa, Usangu kunawaka jua. Mashariki ardhi inazidi kupanda kuelekea nyasi za Kitulo, kwenye baridi. Sisi tuko hapa begani, ambapo mawingu yanatua mzigo. Huku maji hayakingwi, yanafunguliwa njia yaende zake.

Mvua ya milimani nimeichora ubaoni mara ngapi! Kwetu sikuiona.

Mchana majirani walikuja kutusaidia kuchambua vilivyo vizima. Mama mmoja akauliza, "Baba Neema, nani kakudanganya ulaze matuta huku kwetu?"

Baba hakuinua kichwa. "Mwenyewe tu. Uzee huu, mama."

Wakacheka. Wakamtania kwamba sasa akabidhi jembe, akae aote moto. Na mimi, Neema mwenyewe, nimeinamia ndoo, kimya.

Nilikuwa naogopa nini? Niseme ukweli: niliogopa wataacha kuniita Mwalimu. Ni upuuzi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jioni nilimwomba radhi jikoni. Akasema yameisha, mwanangu, akanisogezea kikombe cha chai. Nikanywa huku machozi yananitoka. Amenisamehe kweli, namjua. Lakini radhi niliyoomba jikoni majirani hawakuisikia.

Kesho baada ya ibada watu watasimama nje kupiga soga kabla ya kutawanyika, kama kawaida yao. Hapo ndipo nitakaposema, mbele ya baba na mbele ya yule mama, kwamba matuta niliyalaza mimi. Wakicheka, wacheke.

Nikipanda basi la Iringa kabla sijasema, hapa kijijini nitabaki Mwalimu, na baba atabaki mzee aliyesahau kulima.